UZI: Kutoka mabango ya saluni Moshi hadi kuishi kwa brashi Arusha. Mnaouliza kama uchoraji unalipa, karibuni

Brashi Moja

Wakuu, habari za jioni.

Napokea ujumbe wa aina moja kila mara. Mtu ananitumia picha aliyochora kwa penseli, mara nyingi sura ya mchezaji au ya Mwalimu Nyerere, halafu anauliza: "Mkuu nina kipaji, nifanyeje nitoke?" Kujibu mmoja mmoja nimeshindwa, basi naweka hapa niliyopitia, wa kuchukua achukue. Mimi ni mchoraji, nakaa Arusha pande za Sakina, sina kazi nyingine. Kodi na ada za watoto zinatoka kwenye rangi. Jina kubwa sina, msije mkanitafuta kwenye magazeti.

Niseme mapema jambo ambalo wengi hawatalipenda. Kipaji hakijawahi kunilipia kodi. Kilichonitoa ni mabango, zile kazi ambazo wasanii wenyewe wanazionea aibu.

Tuanze mwanzo. Nimezaliwa Moshi, Majengo. Mama alikuwa anauza ndizi Mbuyuni, mzee alikuwa dereva wa lori. Nilianza kuchora kama watoto wote wanavyoanza, kwa mkaa kwenye sakafu ya saruji, nikifokewa nafuta. Hakukuwa na dalili yoyote ya ajabu, na dada yangu alikuwa ananizidi. Tofauti ilikuwa karatasi. Mzee alikuwa anarudi safari na kalenda za ukutani, zile kubwa ambazo makampuni yanagawa mwisho wa mwaka. Mwezi ukiisha mama anachana ukurasa, ananipa. Nyuma yake kuna karatasi nyeupe, nene, inayoteleza. Penseli haishiki pale, unakandamiza mpaka ncha inavunjika. Kinachoshika ni kalamu ya wino, na wino haufutiki. Ukikosea mguu wa ng'ombe, inabidi uugeuze kuwa jiwe au kichaka. Mpaka leo naanza picha kwa mstari wa moja kwa moja bila ufutio, na watu wanadhani nimefundishwa chuoni.

Sekondari ndiko nilikojua kwamba mchoro ni pesa. Shule yetu haikuwa na somo la uchoraji. Somo lipo, linatahiniwa kidato cha nne, ila shule zenye mwalimu wake ni za kutafuta kwa tochi. Uchoraji wangu ulikuwa baiolojia: moyo, figo, jani lililokatwa kati. Wenzangu walikuwa wananiletea madaftari, malipo maandazi. Halafu wakaja walimu wa mazoezi kutoka vyuoni. Hawa wanakaguliwa, na mkaguzi akiingia darasani anataka kuona zana za kufundishia. Mwalimu ananunua manila na kalamu za rangi, usiku nachora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, asubuhi napewa hela taslimu. Mmoja akaniambia, "Dogo, chora ukubwa ambao aliyekaa dawati la nyuma ataona." Sijapata kufundishwa uchoraji kwa sentensi fupi kuliko hiyo.

Nakula kwanza, nitarudi.

Mangi wa Rau

Aisee tumekaa mkao wa kula. Hizo zana za kufundishia mimi nilikuwa naibiwa na rafiki yangu, anazichora upya kwa jina lake. Endelea mkuu.

Brashi Moja

Haya, mabango.

Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa ya kawaida tu. Mjomba akanipeleka kwa fundi mabango mmoja karibu na Double Road. Mwanzoni sikugusa brashi kabisa, kazi ilikuwa msasa. Kibati kinapigwa msasa, kinafutwa kwa kitambaa chenye tina, kinapigwa andakoti, kinakauka, msasa tena, ndipo rangi ya chini inakuja. Herufi ni za mwisho. Vijana wanaruka hatua hizi kwa sababu hazionekani, halafu baada ya masika mawili rangi inabanduka vipande na mteja anarudi amenuna.

Mistari tulipiga kwa uzi uliopakwa chaki. Mmoja anashika huku, mwingine kule, unauvuta katikati unauachia, pah! Mstari umenyooka kibao kizima. Mkono wa kuandika hauegemei kwenye rangi mbichi. Mkono wa kushoto unashika fimbo ambayo ncha yake imefungwa kitambaa, ncha inagusa ukingo wa kibao, na mkono wa kulia unapumzika juu ya fimbo. Brashi yenyewe ina nywele ndefu, inabeba rangi ya kutosha kushusha mguu mzima wa herufi bila kuchovya tena. Unashusha pumzi pamoja na mkono.

Fundi alikuwa hataki rula kati ya herufi. Ukipima nafasi sawasawa, A na V zitaonekana zimeachana, I na N zitaonekana zimebanana. Alikuwa anasema, angalia uwazi uliobaki, uwazi ndio ulingane. Nilichukulia ni masharti ya mzee. Leo nikipanga picha ya mita mbili, nakaa mbali, nafumba jicho moja, naangalia uwazi.

Halafu kuna vichwa vya saluni. Ukitaka kujifunza sura ya Mwafrika, nenda kachore vibao vya saluni. Una kahawia, nyeusi, nyeupe na njano kidogo, na kinyozi anataka kichwa kionekane kina duara, na "low cut" ionekane tofauti na "panki". Kinyozi hana huruma. Akiona sikio limekaa juu, anakuambia mbele ya wateja. Sijakutana na mkosoaji wa sanaa mkali kuliko vinyozi wa Majengo.

Kilichoua ile kazi mnakijua. Zikaja mashine za kuchapa fleksi, yale mabango ya plastiki, na za kukata stika. Bango lililokuwa linatuchukua siku tatu likawa linatoka saa hiyohiyo, lina picha ya mwanamitindo wa Marekani, na bei ni ndogo. Fundi wangu hakulalamika sana. Akahamia kwenye kuandika makaburi na ubavuni mwa malori.

Fundi Bango wa Zamani

Kijana, umeeleza vizuri, ila ongeza hili. Chaki nyeupe kwenye kibao cheupe haionekani. Sisi tulikuwa tunapaka uzi masizi ya chungu, au chaki ya buluu. Na uzi uwe wa pamba, wa nailoni haushiki unga.

Brashi Moja

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli kabisa, masizi tulitumia sana, na ukifuta vibaya yanachafua kibao kizima. Asante kwa kupita.

Kabla sijaja Arusha niweke pembeni kidogo habari ya staili ya uchoraji ya Tingatinga, maana kuna mtu kaandika juzi humu kwamba ni "sanaa ya asili ya mababu". Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, Tunduru, akaenda Dar kutafuta maisha. Alianza kuchora 1968, akiuza picha zake Oyster Bay walikokuwa wanakaa wageni. Alitumia hadibodi na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Hakuchagua vile ili aonekane wa pekee, ndivyo vilivyopatikana dukani. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi, wakidhani ni mhalifu anayekimbia, akafa. Miaka minne tu ya kazi, halafu ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza mpaka ikawa staili ya nchi nzima. Rangi ya fundi baiskeli, wakuu. Nikiwaambia mabango si aibu, namaanisha hivyo.

Arusha nilikuja kwa sababu ya watalii, sina sababu ya kishairi. Moshi wageni wanakuja kupanda mlima, wanarudi wamechoka, wanataka kuoga na kulala. Arusha wanaanza na kumaliza safari za Serengeti na Ngorongoro, wana siku ya kuzunguka mjini. Nikapata kazi kwenye duka la vinyago. Tulikuwa chumba cha nyuma, vijana kadhaa, kila mmoja na kisu chake cha kuchorea. Nyie mnazijua zile picha: Wamasai wembamba warefu, shuka nyekundu, jua linazama, mgunga mmoja. Zinachorwa kwa kisu. Unapakaa rangi ya chini nzima, njano kwenda chungwa kwenda kahawia, halafu mwili wa Mmasai ni mvuto mmoja wa kisu kutoka bega hadi kifundo cha mguu. Ukizoea unapanga kanvasi sita ukutani, unapita na nyekundu zote, unarudi na nyeusi zote. Malipo kwa kipande.

Sizikejeli. Pale nilijifunza kasi, na kuacha. Kisu hakikupi nafasi ya kurekebisha, ukigusa mara ya pili rangi inakuwa tope.

Sasa nendeni maduka ya vinyago, Moshi au Arusha, muangalie picha za tembo na Mlima Kilimanjaro nyuma yake. Angalieni Mawenzi, kile kilele kidogo chenye miamba, iko upande gani. Nyingi iko kushoto. Mtoto wa Moshi akiamka asubuhi akatazama mlima, Mawenzi iko kulia, Kibo, kile kilele kikubwa chenye theluji, kushoto. Mawenzi iko mashariki, na sisi tunautazama mlima tukiwa kusini. Ukiiona Mawenzi kushoto, maana yake umesimama kaskazini, upande wa Kenya, Amboseli. Picha zote zile zimenakiliwa kutoka postikadi zilizopigwa Amboseli! Vijana wa Moshi, mlima uko dirishani, wanachora mlima wa jirani. Nilimwambia mwenye duka, akacheka, akasema mtalii hajui kulia wala kushoto, chora.

Nilichora. Lakini likizo ya Krismasi nikarudi nyumbani, nikaanza kuamka saa kumi na mbili asubuhi kabla mawingu hayajapanda, na kuuchora mlima kama ulivyo nyuma ya mabati na nguzo za umeme. Kuna vitu hutavipata kwenye postikadi. Theluji asubuhi mapema si nyeupe. Iko kama rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu, na upande wa kivuli ni buluu inayokwenda zambarau. Mwili wa mlima chini ya theluji unakuwa mwepesi kuliko migomba iliyo mbele yako, kwa sababu kuna hewa nyingi kati yenu. Ukiupaka rangi nzito unausogeza mpaka uani kwa mtu. Nyeusi ya kopo nikaiacha kabisa kwenye vivuli, nikawa nachanganya buluu na kahawia nzito. Picha ya kwanza ya namna hiyo ilinunuliwa na mama wa Kichaga anayeishi Dar, kwa bei ambayo duka la vinyago lilikuwa linanilipa kwa vipande vingi. Alinyoosha kidole akasema, "Hii ni kwetu, hapa ni kama unatokea Soweto ya Moshi." Hakuuliza kuhusu staili.

Kijana wa Sombetini

Mkuu kwa heshima zote, naona unatuletea nadharia. Mimi nauza Fire Road pale Maasai Market, Wamasai na simba ndio wanaotembea. Nikichora migomba na nguzo za umeme nitakula migomba. Ukweli usemwe.

Mangi wa Rau

Sombetini, punguza jazba, ila ana hoja mkuu. Mtalii haji Tanzania kununua nguzo ya TANESCO.

Brashi Moja

Ana hoja, na sijamwambia mtu aache kuuza simba. Mimi mwenyewe nimeuza simba wengi kuliko walioko Serengeti. Ninachosema, simba wa postikadi atakulisha mwaka huu, ila hatakupandishia bei, kwa sababu pembeni yako kuna kumi wanaomchora vilevile na mteja anachagua wa bei ya chini. Bei inapanda pale mteja anapotaka picha ya mtu fulani, na huyo mtu ni wewe peke yako.

Na hili si langu. Nani hapa, hasa nyie watu wa Machame, anamjua Sam Ntiro? Alizaliwa Machame 1923. Akasoma Makerere chini ya Margaret Trowell, yule mama aliyeanzisha mafunzo ya sanaa pale, aliyekuwa anawaambia wanafunzi wachore maisha yao wenyewe badala ya kunakili Wazungu. Miaka ya 1950 akaenda London, chuo cha sanaa cha Slade School. Sasa fikiria, kijana wa Kilimanjaro yuko London, ana kila sababu ya kuchora kama wenyeji. Akaendelea kuchora watu wanaovuna, wanaokata migomba, wanaofanya kazi pamoja shambani. Mwaka 1956 akachora wanaume wanaompelekea bibi harusi mbege usiku. Mbege, pombe yetu ya ndizi, wakuu! Picha hiyo ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York na iko huko. Baada ya Uhuru akapelekwa London tena, safari hii akiwa balozi wetu.

Yaani migomba ya Machame ilifika New York kabla ya wengi wetu kuzaliwa, halafu sisi tunaambiana migomba haiuziki. Tingatinga kila mtu anamjua, na anastahili. Ntiro ukimtaja Moshi mjini wanakuuliza anauza wapi.

Kijana wa Sombetini

Huyo sikuwa namjua. Nitamtafuta. Lakini tuambie pesa, kaka. Unapangaje bei, na maflaikacha, wale wanaokuletea watalii ili wapate chao, unawafanyaje?

Brashi Moja

Tuje kwenye pesa basi.

Mwaka wa Arusha una vipande viwili. Juni hadi Oktoba kuna hela, kuna kipande kingine Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei ni masika, barabara za mbuga mbovu, kambi nyingine zinafunga, mji unapoa. Mchoraji anayekula hela ya Agosti mwezi Agosti, Aprili anauza simu. Mimi masika natafuta kazi za ndani ya nchi: kuta za shule za chekechea, sura za wastaafu, zawadi za harusi, kanisa linataka picha ya Ubatizo. Mwaka 2020 ndio ulionionyesha faida ya hilo. Ndege za abiria za kimataifa zilipositishwa Aprili, galari zikafunga milango. Anga likafunguliwa 18 Mei lakini wageni hawakurudi kwa tangazo. Nilipanda ngazi na ndoo ya rangi, nikaandika irabu na kuchora twiga kwenye madarasa, nikala. Wenzangu waliokuwa hawajui mabango walirudi vijijini.

Maflaikacha siwachukii. Wanamleta mtu, wanataka chao, sawa. Kosa ni kukubaliana bei mbele ya mgeni. Maliza naye kabla mgeni hajafika, mwambie bei ni hii, chako ni hiki. Akiongeza juu ya bei yako ili abaki na kubwa, picha inabaki ukutani na wewe ndiye unayeonekana mwizi.

Bei nilikuwa napanga kwa uso wa mteja. Viatu vizuri, bei juu. Nilikoma siku wateja wawili walipokutana hotelini wakiwa na picha za ukubwa mmoja. Sasa napanga kwa ukubwa: upana mara urefu, kwa kiwango kimoja, mwenyeji na mgeni sawa. Kiwango napandisha mara moja kwa mwaka, sishushi. Anayetaka nafuu namuuzia ndogo.

Galari nyingi zinachukua nusu ya bei, na watu wanapiga kelele kwamba ni wizi. Siyo wizi kama galari inafanya kazi: ina ukuta, taa, mhudumu, inajua wanunuzi, inafunga mzigo. Wizi ni galari inayochukua nusu halafu inakaa na nusu yako. Iko moja, siitaji, ilikaa na hela yangu msimu mzima, kila nikipiga simu mhasibu yuko safari. Tangu siku hiyo sikabidhi picha bila karatasi yenye orodha, vipimo, bei, na siku ya kulipwa baada ya mauzo. Ukurasa mmoja, sahihi mbili, basi.

Oda za hoteli na kambi za kitalii ndizo zinazolipa kweli. Ukuta wa mapokezi, picha za vyumba. Dai nusu mwanzoni. Meneja akikuambia "utaratibu wetu ni kulipa baada ya kazi", mwambie rangi haijui utaratibu wake. Na andika haki za kuchapa. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, kazi yako inalindwa uhai wako wote na miaka 50 baada ya kifo. Mtu akinunua picha amenunua kile kitu cha ukutani, hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana na kadi. Akitaka hiyo, ni mazungumzo mengine na malipo mengine. Usajili wa hakimiliki ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na usanii wenyewe unajisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa. Najua mnaona usumbufu. Hoteli kubwa haikupi hundi bila TIN (namba ya mlipakodi) na karatasi hizo, mwisho wa habari.

Mnazi wa Rangi

Mkuu, mimi ni mwanafunzi. Kanvasi za dukani bei mbaya sana. Nyie mnatumia nini? Na je, niende chuo?

Brashi Moja

Chuo: ukipata nafasi nenda. TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, wana uchoraji, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna idara ya sanaa. Mimi sikwenda, na nikikaa na waliokwenda naona walichonizidi: kuongea kuhusu kazi, kuandika maombi ya ufadhili, kuchora mwili wa binadamu. Hicho cha mwisho nilikifidia kwa kuchora watu stendi. Mtu anayesubiri basi la Dar hatikisiki.

Kanvasi sasa. Hapa nikae kidogo.

Nunua marikani (kitambaa cha pamba) mzito, ule usioonyesha vidole ukiunyanyua kwenye mwanga. Uloweke kwenye maji ya moto, ufue bila sabuni nyingi, uanike. Unatoa wanga wa kiwandani, na unasinyaa mapema badala ya kusinyaa baadaye ukiwa na picha juu yake. Fremu itengenezwe na seremala anayejua pembe mraba, na mwambie achonge ukingo wa ndani uwe na mteremko. Asipochonga, mbao inagusa kitambaa na mwaka unaofuata utaona mstari umejitokeza mbele ya picha, pande zote nne.

Kuwamba: usianzie pembeni. Piga msumari mdogo katikati ya upande mmoja, vuta, piga katikati ya upande wa pili unaotazamana nao. Halafu pande mbili zilizobaki. Kutoka hapo unaelekea kwenye pembe, huku na kule, kila mara ukivuta upande wa mkabala. Ukimaliza, gonga kwa kidole. Kikilia kama ngoma, sawa. Kikinyamaza, ng'oa urudie.

Koti la kwanza ni gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji mpaka iwe nyepesi, kuziba vinyweleo. Likauke kabisa. Halafu emalshen (rangi ya maji ya ukutani) nyeupe nzuri, koti la kwanza kwa mlalo, la pili kwa wima, la tatu kwa mlalo, na msasa laini katikati ya kila koti. Emalshen ya bei ya chini ina chokaa nyingi, ukikunja kanvasi inapasuka. Kwa mazoezi na picha za kuanikwa ukutani hapahapa, inatosha. Kwa mteja anayelipa vizuri na kusafiri nayo, tumia rangi ya msingi ya wachoraji, mtoze gharama.

Na tafadhali, usipake rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta. Haishiki, itabanduka kama ngozi ya nyoka. Mafuta juu ya maji inawezekana, kinyume chake hapana.

Mgeni akitaka kusafiri, usikunje picha uso ndani. Viringisha uso wa rangi ukiwa nje, juu ya karatasi safi, ndani ya bomba pana la plastiki la maji, siyo lile jembamba. Mafundi bomba wana vipande vya mabaki, wanakuuzia kwa bei ya soda. Na usiviringishe picha ya rangi ya mafuta iliyochorwa wiki iliyopita. Juu imekauka, ndani bado mbichi, itafika Ujerumani imeganda na karatasi.

Dada wa Njiro

Kaka asante sana, nimesoma uzi wote. Mwanangu wa kike ana miaka 9, anachora kila mahali, hadi nyuma ya madaftari ya hesabu, mwalimu ameniita. Baba yake anasema anapoteza muda. Nimnunulie nini? Nimeona seti ya rangi nyingi mjini.

Brashi Moja

Pole dada yangu, na hongera pia.

Hiyo seti achana nayo kwa sasa. Nyingi za watoto rangi zake zimejaa nta, hazichanganyiki, mtoto anachora mistari tu. Mnunulie penseli laini, 4B na 6B, kichongeo kizuri, na daftari la karatasi nene lisilo na mistari. Daftari la hesabu libaki la hesabu, mwalimu yuko sahihi kwa hilo. Baadaye rangi tatu za maji, nyekundu, njano, buluu, na nyeupe, ahangaike kuzichanganya mwenyewe.

Usimpe picha za kunakili, mpe vitu. Sufuria, kandambili, bibi yake akichambua mchele. Mlima Meru uko mgongoni kwenu, aupande kwa macho kila asubuhi. Na siku moja mpeleke pale Cultural Heritage, ile galari ya barabara ya Dodoma, lile jengo la ngoma na ngao, asimame karibu na picha kubwa mpaka aone mkwaruzo wa brashi. Watoto wetu wengi wanajua picha za kwenye simu tu, hawajui kwamba rangi ina unene.

Baba yake usibishane naye. Mwambie binti atachora mfumo wa damu kwa ajili ya mwalimu wa sayansi, ukubwa wa manila. Akiona umebandikwa darasani atanyamaza mwenyewe.

Daftari likijaa, nipigie picha kurasa zote unitumie inboksi, na zile alizozikata kwa hasira usizitoe. Nataka kuona anashindwa wapi, siyo ile moja nzuri anayopenda kuonyesha wageni.

Sombetini, kesho nipo Fire Road saa nne. Njoo na kisu chako.